Mapacha wa Manjano

Majira yale umeme ulitutembelea saa moja kwa siku,
na hata saa hiyo haikuwa na miadi.
Darubini ilikaa chini ya kuba, mlimani Aragats,
kama mtu aliyelala macho wazi,
theluji imeziba mwanya wa paa.

Mama yangu, Arusyak, alikuwa msomaji wa vioo.
Ndivyo alivyowajibu majirani walipomuuliza kazi.
Alileta nyumbani sanduku la mbao, na ndani yake
mabamba ya kioo, kila moja limeviringwa gazeti kuukuu,
akayainua mbele ya mshumaa, moja moja,
jicho moja kalifumba, pumzi kaibana isitie ukungu.

Juu ya kioo hapakuwa na nyota.
Palikuwa na utepe, urefu wa ukucha wa dole gumba,
mweusi, umekatwakatwa na nafasi tupu.
"Hapa mambo yamepinduka," alinieleza.
"Penye weusi ndipo mwanga ulipopiga.
Palipo wazi, yupo aliyeuzuia njiani."

Nani?

"Chuma. Kalisi. Haidrojeni, huyu hapa, hakosekani.
Kila mmoja anakula rangi yake, hagusi ya mwenziwe."

Nilikuwa na miaka tisa, nina njaa, nami sikuamini.
Ni nani aliyefika huko akaonja?

Ndipo supu ya dengu ilipofurika.
Povu likamwagikia jiko la mafuta ya taa
na mwali uliokuwa buluu ukaruka manjano,
manjano kali, nyuso zetu zikasawijika kama za wagonjwa.
Mama hakuikimbilia sufuria.
Alinitia mkononi kibomba cha shaba, kirefu kama kidole,
chenye ufa mwembamba kuliko unywele.
"Tazama! Upesi, kabla chumvi haijaungua."

Nikawaona: mistari miwili, bega kwa bega,
imekaribiana hata ukipepesa inakuwa mmoja.
Gizani pale, pembeni yao hapakuwa na chochote.

Kisha akanipa kioo.
Na kwenye nyota isiyo na jina ila tarakimu,
mapacha wale wale walikuwa wameacha pengo lao.
"Sodiamu," alisema. "Ile ile ya kwenye mkebe wetu."
Akasita, akapima kwa rula, akapima tena.
"Ila wamesogea. Kidogo tu, kuelekea wekundu.
Nyota hii inakwenda zake. Inatupa kisogo."
Akapiga hesabu ya mwendo wake
nyuma ya kuponi ya mkate.

Baba alikuwa Rostov, akipaka rangi madirisha ya watu.
Barua yake tulikuwa nayo tangu Jumanne.
Alitaja baridi, bei ya viazi,
kikohozi cha mwenye nyumba, mbwa wa mwenye nyumba,
jina la mbwa.
Usiku ule Mama aliitoa tena bahashani.
Hakuisoma. Aliiinua tu mbele ya mshumaa,
jicho moja kalifumba,
pumzi kaibana.

Sikumuuliza ameona nini.
Tulikula supu iliyosalia, nayo ilipooza chumvi,
na juu ya jiko, darini,
palibaki doa ambalo hadi tunahama
hakuna aliyelipangusa.