Kilo Ishirini na Tano

Picha ilichorwa juu ya gunia la unga,
la pamba, si la nailoni. Nililifua mimi,
mara tatu, kwa sabuni ya kipande,
nikalianika kwenye ukuta wa jirani, hapa Katuba,
siku upepo ulipotoka upande wa kiwanda,
likakauka na harufu ya moshi wa shaba.
Mwilambwe hakujali. Alisema hata Mungu
alianza na udongo, na hakuchagua.

Rangi nyeupe ya chini aliipaka kwa kubana.
Kopo lilikuwa linaishia. Parokia ilikuwa imelipa nusu.

Karamu ya mwisho: watu kumi na watatu,
bukari katikati inafuka, sombe,
ndakala wa kuhesabika.
Petro amevua kofia ya mgodini, ameiweka gotini.
Yuda nilimtambua mara moja, mwenye nyumba wetu.
Nikamsihi ambadilishe pua.
Alikataa. Usiku akaibadilisha.

Fratri Kyola, aliyekuja likizo kutoka seminari kuu,
alisimama mbele yake hadi chai ikapoa.
Akatueleza: zamani watu walivunja picha kwa shoka,
wakisema Mungu hachoreki;
wenzao wakajibu, tangu Neno lipate mwili
lina kivuli,
na chenye kivuli huchoreka.
Mwilambwe alikuwa anasugua brashi kwa mafuta ya taa.
"Hayo sikuyajua," akasema. "Mimi nilihangaika na mikono.
Mikono ni migumu."

Masika mawili yakapita. Paa la kanisa linavuja.
Nyeupe ile ya kubana ikachuja,
na kifuani pa Bwana, kutoka upande wa pili,
herufi zikaanza kuja, buluu, zimepinda kidogo:
UNGA WA MAHINDI. UZITO KILO 25.

Kamati ikakaa. Mzee Kapend akauliza
kama Yesu ni bidhaa.
Abe hakujibu. Alisogea, akavaa miwani,
akasoma kwa sauti, polepole,
kama asomavyo Injili,
akaikunja miwani, akatoka nje.
Picha haikuondolewa. Haikupakwa upya pia,
na ile nusu hawajalipa hadi leo.

Jumapili, kwenye mstari wa komunyo,
nagawa kichwani: kilo ishirini na tano,
meka kwa meka, kwa midomo yote hii.
Haitoshi.
Nimeuza unga miaka kumi na tisa, najua haitoshi.
Nasogea hatua moja.