Msusi wa Faustina

Ya kwanza ilikuja kama deni.
Jivraj, fundi saa wa Barabara ya Naboa,
nilimsukia bintiye siku ya arusi, akapungukiwa noti,
akafungua kopo la vipuri, akanipa kidude cheusi:
"Ni fedha hii, Khainza. Yeyusha, upate hereni."

Nikaipeleka kwa sonara. Makaa yamekolea,
koleo liko tayari,
akaisugua kwanza kwa majivu na limau
na nywele zikatokea.

Si uso. Nywele.
Mistari myembamba ya msuko, imezungushwa utosini
kama ngata ya mwanamke atokaye mtoni,
imebanwa isilegee.
Nikasema: weka chini koleo.

Dinari ya Roma, nilikuja kuelezwa,
ya miaka elfu moja mia nane na ushei.

Sasa ninazo tisa.
Zinalala katika sanduku la rola, juu ya pamba:
Faustina huyo, aliyekwisha kufa walipomchonga wakamwita mungu;
Sabina na mkia wake mrefu mgongoni;
Lucilla, fundo dogo la kisogo, kazi ya dakika ishirini;
Julia Domna wa Shamu, mawimbi mazito
ambayo mimi, kwa heshima zote, nasema ni wigi.
Na Plautilla, kaolewa msichana,
katupwa kisiwani, kauawa.
Kwa huyo niliuza draya yangu ya pili.

Pale posta afisa wa ushuru alipasua bahasha:
"Mama, unanunua pesa kwa pesa?"
Nikamwambia nanunua vichwa.
Hakucheka. Akanitoza kama vito.

Wateja wengine huchagua humo.
Nambozo, mwalimu wa hesabu, huketi na lenzi yake,
huzipitia zote, tena huzirudia, mwishowe: "Nipe ya huyu."
Namsuka Sabina kwa uzi mweusi, saa tatu unusu,
na mvua ya Wanale inamngojea mlangoni,
anaondoka kajivika mfuko wa sukari kichwani,
malkia wa Namakwekwe.

Lakini usiku, umeme ukikatika,
nazipapasa moja moja kwa kidole gumba.
Ukingoni pameandikwa jina lake,
nyuma yupo mungu wake wa kike, amesimama na fimbo.
Yule aliyesimama nyuma yake alfajiri,
sindano ya mfupa kaiuma mdomoni,
akaambiwa unavuta mno,
akapigwa kibao kwa unywele mmoja,
yule aliyeumwa hapa, kwenye kiungo cha kidole,
hapa hapa panaponiuma mimi,
huyo hana fedha wala shaba.

Faustina wangu wa kwanza amelika.
Amenunua mikate, mafuta, mvinyo, pengine na watu.
Pua imekwenda. Jicho limekwenda.
Kidevu kimekuwa kichuguu.
Mpe asiyejua, atakwambia ni kifungo cha koti.

Msuko bado upo.
Naufuata kwa ncha ya ukucha gizani:
pita juu, pita chini, kaza.
Dada, ulikaza.