Sita Hadi Ishirini

Kadi yangu ina namba, sita hadi ishirini.
Sita ni kama umekaa. Ishirini ni "basi, siwezi."
Nimesimama nayo juani, chini ya kilima cha Mlimwa,
upepo wa Julai ukitaka kuninyang'anya.

Bwana Elieza, mhasibu wa wizara,
viatu vipya, kapanda na kushuka mara moja.
"Kumi na saba," anahema, kashika magoti.
Mapigo: mia na arobaini na nne.

Kisha Perusi Malogo, mponda kokoto,
kandambili, vumbi jeupe hadi kwenye kope.
Naye kapanda. Naye kashuka.
Mshipa wa shingo unarukaruka kama panzi mfukoni:
mia na sitini na nane. Nahesabu mara mbili.
"Namba gani, mama?"
Anaisoma kadi polepole, kidole juu ya kila mstari.
"Nane."

Nane?

"Kumi na saba naijua," anasema.
"Ni mwaka uwele ulipokaukia magotini,
nikatembea hadi Kibaigwa, mtoto mgongoni ana homa.
Hizo za juu yake sijazigusa.
Nimeziweka akiba."

Mwongozo unasema hakuna jibu la makosa.
Naandika nane.

Usiku maji yamekatika Makulu.
Ndoo mbili, ghorofa ya tatu.
Kwenye kona ya mwisho najiuliza mwenyewe namba,
nafungua mdomo kusema kumi na tisa,
naufunga,
napanda.