Nne

Ibra, saa moja asubuhi. Tulimwambia
barakoa ni ya rubani.
Azzan, miaka minne, mafindofindo kama kokwa za tende,
akavuta ile hewa tamu, akahesabu
kwa Kiswahili cha bibi yake:
moja, mbili, tatu,
nne ikawa mkoromo.

Kisha hata mkoromo hakuna.
Kifua kinavuta, hewa haiingii,
koo limejifunga kama duka wakati wa sala.
Mlio wa mashine ukateremka ngazi:
tisini, themanini, sitini na moja;
na moyo, badala ya kukimbia,
ukaanza kusitasita.

Dokta Zuwena hakupaza sauti.
"Funga dawa. Oksijeni tupu. Atropini."
Akainua taya, akasukuma pumzi; ikakataa.
Mimi natafuta mshipa kwenye kiganja kinene,
nahesabu alipoachia: tano, sita.
Mshipa niliupata kwenye kumi na tisa.
Koo likaachia.

Mama yake alikuwa ukumbini, kandambili ndogo mapajani.
Tukamweleza yote. Akauliza tu:
"Alifika ngapi?"

Usiku mwanangu alikoroma.
Sikumgeuza.