Skrubu Moja

Dukani kwa baba, mjini Gimli, ukingoni mwa ziwa
ambalo Januari hugeuka barabara ya malori,
tulikuwa na skrubu elfu arobaini.
Nilizihesabu mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili,
adhabu ya kosa nililokwisha kulisahau:
za shaba, za chuma cheupe, za kichwa bapa,
kila aina na kijisanduku chake, kila kijisanduku na lebo
kwa mwandiko wa baba, ulioinama kama mti wa upepo.

Na nje, kwenye ngazi tatu za kuingilia,
kishikio kilikosa skrubu moja.

Kinyozi hajinyoi. Wateja walitania:
"Halldor, duka lako linatikisa mkia!"
Baba alicheka nao. Theluji mbili zilianguka akicheka nao.
"Jumamosi," alisema.
Jumamosi zilikuja, zikanunua rangi na misumari, zikaenda zao.

Bi Gudny Eyjolfson alikuja kununua balbu ya jikoni.
Alivaa sapatu za ndani, maana ni kuvuka barabara tu.
Akaegemea. Chuma kikampokea, kisha kikamwacha.
Niliusikia mfupa kabla sijaisikia sauti yake.
Mpaka leo sivunji karoti kwa mikono.

Ajali haina kinga, baba alisema.
Aliyasema hayo hospitalini, akayasema kanisani,
akayasema mbele ya wakili wa bima,
ambaye alimwagiza asiseme tena lolote,
hata pole.
Fidia ililipwa na bima. Pole ile ilimbaki kooni.

Sasa ni Jumanne usiku, Winnipeg, darasa la biashara.
Nina miaka thelathini na minne na daftari jipya.
Mwalimu Prokopchuk anauliza: "Ulikuwa na deni kwake?"
Si la pesa. La uangalifu.
Kila anayekanyaga ngazi yako amekukopesha mwili wake,
nawe huna budi kuurudisha mzima.

"Deni hilo ulilivunja?"
Hapa sheria haichungulii moyoni kutafuta nia mbaya.
Inamwita mtu mmoja wa kawaida, asiye na jina,
si malaika, si mwoga wa kila kivuli,
ila asubuhi, kabla ya kufungua mlango,
hukitikisa kishikio chake kama anayemwamkia jirani.
Inauliza: yeye angefanya nini?
Namjua mtu huyo. Angefanya Jumatatu.

"Na lau skrubu ingekuwapo, mama huyu angeanguka?"
Lachlan, kiti cha nyuma, anapaza sauti: "Barafu! Na zile sapatu!"
Mwalimu anatikisa kichwa kukubali: uzembe huweza kugawanywa,
kila mtu akabeba fungu lake.
Kwetu hakimu alikata robo kwa ajili ya sapatu.
Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliifurahia robo ile.
Hilo sijamwambia mtu.

Kisha madhara, maana bila madhara hakuna dai,
kuna kicheko tu cha Jumamosi.
Nyonga. Miezi saba ya magongo.
Na kinanda cha kanisa, chenye kanyagio za miguu,
ambacho Bi Gudny hakukipiga tena.
Wimbo mmoja wa Pasaka ni dola ngapi?
Sheria hupima kwa pesa kwa kuwa mizani nyingine haina,
na nadhani yenyewe inajua.

Mtu anauliza: "Skrubu yenyewe ingegharimu kiasi gani?"
Darasa linacheka. Mwalimu anasema haijalishi, kisha anasema inajalisha sana:
kinga ikiwa rahisi, udhuru huwa ghali.
Senti kumi na moja. Sinyanyui mkono.

Baada ya maziko ya baba nilivuka barabara ile
nikiwa na balbu moja ya jikoni
na pole iliyochelewa miaka kumi na mitano.
Bi Gudny alifungua mlango, akanitazama miguuni kwanza,
kama nimevaa viatu vya maana.
Akapokea balbu.
"Ingia," akasema. "Utanipandia kiti uiweke.
Lakini kitikise kwanza."