Mashine ya Kwanza

Wameiweka nyuma ya kioo, ukumbi wa wageni,
taa inaimulika kama mtakatifu kanisani,
na kibao cha shaba chini yake: *Kompyuta ya Kwanza, 1982.*
Nami Zulmira, mwenye mwaliko wa herufi za dhahabu
na viatu vinavyonibana,
nimesimama nautazama uongo uliopigwa msasa.

Ile si ya kwanza. Ile ni ya nne.

Ya kwanza iliungua Jumanne,
katika ghala la kahawa la marehemu Belarmino.
Tulikuwa watano, vyuma vya kulehemu viwili,
vumbi la kahawa likitua juu ya saketi
hata ukiwasha umeme ilinukia kifungua kinywa.
Evilasio, fundi redio, akabonyeza swichi.
Moshi. Kisha kimya.
Kisha akacheka, akauliza nani ana sigara,
maana moto tayari upo.

Mkurugenzi kijana yuko jukwaani:
"Tulianza na ndoto."
Hapana, mwanangu. Tulianza na ng'ombe.
Aliitwa Pintada, wa mamake Evilasio.
Aliuzwa mnadani, akarudi nyumbani ndani ya bahasha,
vipande vyeusi ishirini na vinne, vyenye miguu kama ya tandu.
Mama mtu hakusema neno.
Mwaka mzima alikunywa kahawa kavu,
na kila tulipopita aliinua kikombe, tukione.

Kisha Brasilia wakafunga forodha,
mashine za ng'ambo zisiingie,
na sisi mche tukapata uzio.
Benki moja ya Belo Horizonte ikapiga simu: mnazo arobaini?
Tulikuwa nazo tatu.
"Zipo," akasema Evilasio, akakata simu, akakaa chini sakafuni.

Tukaita wasichana wafuma lesi.
Arobaini zikawa mia nne. Ghala likazaa ghala,
shamba la Belarmino likamezwa safu kwa safu,
zamu mbili, zamu tatu,
king'ora kikachukua kazi ya kengele ya parokia.
Dorvalina alipitisha kidole juu ya lehemu
akajua kiungo kibovu kabla ya kipimo.
"Hiki kinadanganya," angesema.
Nacho kilikuwa kinadanganya.

Forodha ikafunguliwa. Sitalieleza sana hilo.
Bei za ng'ambo ziliingia kama maji ya Sapucaí mwezi wa Januari,
na asubuhi moja orodha ikabandikwa getini.
Majina mia tatu na kumi.
Dorvalina alilisoma lake kwa kidole.

Waliobaki tukaunda mashine za shule,
ngumu, za bei ya chini, zisizoogopa watoto.
Ndizo zilizojenga ghorofa hizi nane,
hizi lifti, hiki kioo.
Leo watu wanapiga makofi. Nami napiga,
mikono haina kinyongo, imezoea kazi.

Mtoto mmoja ananivuta sketi:
bibi, kama hii ni ya nne, ya kwanza iko wapi?

Dorvalina aliliomba lile kasha lililoungua.
Akalitia nyasi, akaliweka nyuma ya jiko,
kuku wake mwekundu akalalia humo.
Mayai kumi na moja, vifaranga kumi na mmoja.

Mwaka ule mzima
hatukutoa kundi jingine lisilo na hitilafu.