Ibara ya Kumi na Tano

Darasa la saa mbili asubuhi. Mvua ya Bukavu inapiga bati
hata mkataba wa jamii inabidi niunadi kwa sauti
kama mchuuzi wa ndizi pale Kadutu.
Moto umekatika; maikrofoni ni kipande cha chuma tu.
Wanafunzi mia tatu, viti mia na themanini,
waliobaki wamekaa madirishani, matope ya Nyawera
yakiwakaukia viatuni, silabasi zao za fotokopi
zikivuja wino kwenye vifungu vya haki.

Nikauliza, kuwaamsha tu:
"Ibara ya kumi na tano inasemaje?"

Ukumbi ukapasuka. "Jitafutie!" akajibu Bahizire,
na mia tatu wakaitikia, jitafutie, jitafutie,
sheria isiyoandikwa popote
ambayo mama muuza sambaza anaijua kuliko hakimu,
inayolipa kodi ya nyumba,
inayonilipa hata mimi, mshahara ukigoma kufika.
Nikacheka nao. Naijua kwa moyo. Naila.

Ndipo Nsimire, safu ya tatu, aliyesajiliwa kwa kuchelewa,
akasimama. Hakushika kitabu.
Mamlaka za umma, alianza, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi,
akaenda hadi nukta, neno kwa neno:
ukatili wa kingono, familia kusambaratishwa,
watu wote kufutwa,
uhalifu dhidi ya ubinadamu.
Hakutetemeka. Alisema kama mtu
anayemtajia karani jina la kijiji chao.

Mvua haikunyamaza. Sisi tulinyamaza.

Miaka tisa nafundisha katiba hii.
Kila mwaka, nikimaliza kumi na nne, natazama saa,
nasema muda umetubana, fungueni kumi na sita.
Sikuwahi kumweleza dekano sababu:
kila mwaka, mahali fulani ukumbini,
kuna anayeinamisha macho kabla sijafika pale,
nami ni mwoga mwenye shahada mbili.

Bahizire alikuwa ametafuna kalamu hadi wino.
Chaki ilinilowea mkononi;
nikaandika 15, ubao ukaimeza nusu,
nikaandika tena, nikabonyeza mpaka ikavunjika.

"Rudia," nikamwomba, "polepole.
Leo mwenye kunakili ni mimi."

Akanitazama, bila ukali.
"Kwa Kifaransa, Mwalimu,
ama kama ilivyokuwa?"